Kikosi cha Kuamia Ndege Kimo Kazini

(Uwanja wa baraza, Ifakara, asubuhi moja ya mwaka 1954. Mashambani mpunga umetia maziwa. Jana Jumbe alipita nyumba kwa nyumba, na dungu kwa dungu ambako watu hukaa juu wakiamia mpunga, yaani wakiufukuzia ndege, akitangaza kwamba asiyefika barazani atatozwa faini. Anasimama Bwana Severini, kaptula imenyooka kwa wanga, soksi zimevutwa hadi magotini.)

Mtukufu Bwana Shauri wa Wilaya, ambaye hakuweza kufika. Mheshimiwa mwakilishi wake, ambaye naye gari limemkwamia topeni. Kiti chao, ambacho kwa bahati njema kimefika na mnakiona hapa mbele. Jumbe Valeriani pamoja na fimbo yake. Mapadri wetu na mashehe wetu. Bwana Mwinyimvua mwenye duka, aliyetuazima kitambaa cha meza na ambaye namwomba aache kukikodolea macho. Makarani, matarishi, walipa kodi, na ninyi nyote mlio na kadhalika: hamjambo! (Watu: "Hatujambo." Sauti moja ya nyuma: "Fanya upesi, bwana, jua limeshatoka!")

Mimi ni Severini, Msaidizi wa Naibu Katibu wa Komiti Ndogo ya Skimu za Maendeleo ya Bonde, na nimesimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wenzangu ofisini wamekiri hawajapata kuuona kwa mtu mwingine yeyote, ili nizindue mambo mawili kwa mpigo. La kwanza ni Siku ya Ushindi Mdogo. La pili ni Kikosi cha Kuamia Ndege, ambacho hivi ninavyosema kimo kazini mashambani mwenu, ili ninyi, kwa mara ya kwanza tangu babu zenu walipotia mbegu ya mpunga katika bonde hili, mshuke madunguni, mtue makombeo na madebe yenu, mnawe uso, mje mnisikilize. (Makofi ya tarishi.)

Ndugu zangu, kosa letu sisi watu wa bonde ni kungoja makubwa. Tunangoja reli, tunangoja daraja, tunangoja mvua ya kiasi, na tukingoja tunanuna. Skimu yangu, ambayo niliibuni mimi mwenyewe nikiwa naoga, inasema: usingoje! Shangilia hicho kidogo ulicho nacho! Mtazameni karani wangu Donati, ambaye juzi amepiga taipu barua nzima bila kukosea jina langu. Simama, Donati, uonekane. (Donati anasimama, anakaa haraka.) Mtazameni tarishi Fransisko, aliyetumwa Kisawasawa kwa baiskeli ya ofisi na akarudi na baiskeli, si kama mwaka jana aliporudi na kengele. (Kicheko.)

Na majumbani je? Mzee Hermenegildi amepewa wali mbichi na mkewe, akaula wote bila kusema neno. Huo ni ushindi! (Mzee Hermenegildi: "Ningesema ningelala nje!" Kicheko kikubwa.) Nyumbani kwangu mimi, mke wangu Aurelia, baada ya majadiliano marefu ya pande zote mbili, amekubali kuniita Bwana Afisa mbele ya wageni. (Bibi Aurelia, chini ya mwavuli: "Wageni wenyewe hawaji!" Watu wanapiga vigelegele.) Cheka tu, mke wangu, hata hicho kicheko tutakitia kwenye ripoti. Kwa takwimu za ofisi yangu, furaha ya Ifakara imepanda kwa asilimia arobaini na moja, na kule Sanje, ambako hatujafika, imepanda zaidi.

(Mwanamke mmoja anasukuma watu, anafika mbele. Ni Scolastica, mjane, ambaye shamba lake liko hapo tu nyuma ya ghala. "Shikamoo, Bwana Afisa.")

Marahaba, mama, ingawa hotuba haijafika kwenye kipengele cha salamu.

("Samahani, bwana. Mpunga wangu anauamia nani saa hizi?")

Swali zuri! Kikosi, mama.

("Nimepita nyuma ya ghala nikija, sikuona mtu. Bwana, mwaka jana ndege walinimaliza, tukala viazi vya kuombaomba, na watoto wakadhoofu mpaka nikaona aibu kuwapeleka kanisani. Hilo shamba ndilo nililo nalo. Nina hofu, bwana. Niruhusu nirudi." Jumbe Valeriani anainua fimbo: "Faini, Scolastica!")

Tulia, Jumbe, tulia, mwache mama afahamishwe kitaalamu. Mama Scolastica, hukuona mtu kwa sababu Kikosi cha kisasa hakionekani. Kelele za madebe na kupayuka juu ya dungu kutwa nzima ni mambo ya kishamba. Hebu tega sikio upande wa mashamba. Unasikia nini? Kimya! Je, ndege wangekuwapo, kungekuwa kimya? (Tadei, mvuvi: "Ndege akila hapigi soga, bwana!") Huyo nani? Mwandike, Donati.

(Wingu la ndege linapita juu ya baraza likielekea nyuma ya ghala. Watu wanasimama.)

Kaeni! Kaeni, nasema! Mnawaona wanavyokimbia? Wametimuliwa! (Tadei: "Wanakimbilia kwetu!") Mwelekeo ni suala la komiti nyingine. Nikisema "Kikosi", mwitike "Kimo kazini"! Kikosi! (Watu wachache: "Kimo kazini.") Ushindi mdogo! (Sauti: "Njaa kubwa!") Huo ndio moyo, ingawa si hayo maneno!

Sasa nifunge kwa shukrani, maana mtu asiyeshukuru ni mkaidi. Namshukuru Bwana Shauri kwa kiti. Namshukuru Mwinyimvua kwa kitambaa, nitakirudisha kikishafuliwa. Na kwa namna ya pekee kabisa nawashukuru wanakikosi wenyewe, na nawaomba wanyoshe mikono tuwaone. (Hakuna anayenyosha. Watu wanatazamana.) Nyosheni basi! Ahaa, kumbe hamjaarifiwa, sekula, ile barua ya kuwatangazia, bado iko kwa Donati. Wanakikosi ni ninyi! Kila aliyekuwa juu ya dungu jana, kuanzia alfajiri ya leo ni askari kamili wa Kikosi cha Kuamia Ndege, na mahudhurio yenu, ndugu zangu, yamenitoa machozi. Asilimia mia moja! Hakuna hata mwanakikosi mmoja aliyebaki shambani!

(Scolastica anakunja kanga, anakimbia. Nyuma yake wanakimbia wote, pamoja na Jumbe, ambaye naye ana shamba.)

Jamani! Bado kuna kipengele cha nyimbo! Donati, andika kwamba wananchi waliondoka kwa hamasa.

(Kutoka nyuma ya ghala unasikika ukelele mmoja mrefu wa mwanamke, kisha kilio. Bibi Aurelia anafunga mwavuli, anamwambia: "Severini, nyamaza.")

Usinikatize, mke wangu. Sikilizeni! Yule ni mama Scolastica, mwanakikosi wa kwanza kuanza kazi. Mpigieni makofi!