Tuliwatangulia kwa Miaka Minne

Jumatatu, 9 Mei 2016

Balaa! Barua ya shirikisho la soka la mkoa imefika. Vignasco na Borgo Sant'Elmo hawana wachezaji wa kutosha timu mbili, basi waungane kabla Juni haijaisha. Klabu moja. Sisi wa Vignasco na wale wa ng'ambo ya bonde, ambao hata mvinyo wao unaumiza kichwa!

Marais wawili wamekubaliana: jina na rangi zitakuwa za klabu iliyozaliwa kwanza. Jumamosi wakili kutoka mjini atasoma hati za pande zote ukumbini kwetu. Borgo wana Mwalimu Palmira Ronco, mstaafu, mama mwenye macho ya mwewe na hati ya mwaka 1912. Sisi tuna mimi, Ermete Bussolino, katibu kwa miaka thelathini na moja. Karatasi yangu ya zamani kuliko zote ni ya kununua milingoti ya goli. 1921.

Rais wetu, Gualtiero, akaniuliza baa, mbele ya watu, kama tunayo hati kongwe kuliko yao. Nikasema ipo. Kwa nini nilisema ipo? Mdomo huu utaniua!

Baba alizikwa na skafu yake ya kijani na nyeusi, rangi zetu. Rangi ya Borgo ni njano. Njano, kwenye uwanja wetu! Haiwezekani.

Jumanne, 10 Mei

Hati haipo, basi itazaliwa. Nimejitolea kufuta vumbi kwenye kabati la kanisa. Padre akanibariki. Nikachomoa kurasa mbili tupu kwenye daftari kuukuu la chama cha mazishi. Mungu anisamehe, zilikuwa zimekaa bure.

Nimeziloweka kwenye kahawa ili zizeeke zaidi. Dada yangu Nives, ninayeishi naye, akazikuta kwenye sinia lake la kuokea, akauliza tumeanza lini kula karatasi. Nikamwambia ni mambo ya klabu. Akasema mambo ya klabu yalishamkimbiza mke wangu, sasa nisimkimbizie na sinia.

Mwaka: 1908. Tunawatangulia kwa miaka minne tu. Uongo ukiwa na kiasi huaminika.

Jumatano, 11 Mei

Muhtasari wa mkutano wa kwanza umekamilika, mwandiko mzuri ajabu. Limebaki jambo moja: majina ya wachezaji kumi na mmoja waanzilishi. Nikiyabuni nimekwisha. Palmira anaijua kila familia ya bonde hili, nani kamwoa nani na walinuniana lini. Lazima wawe watu halisi wa Vignasco, na wawe wamekufa.

Asubuhi nzima sikupata hata jina moja. Adhuhuri napita katikati ya kijiji, macho yakatua kwenye jiwe la kumbukumbu la vijana wetu waliokufa vita ile kuu ya kwanza. Majina yamechongwa! Halisi, ya hapahapa, na hakuna atakayekuja kutoa ushahidi. Nikanakili kumi na moja ya juu. Shada la majani la Sikukuu ya Ukombozi, 25 Aprili, bado limetundikwa, limeziba upande wote wa kulia. Sikuligusa. Heshima.

Amedeo Barbero nimempa unahodha. Celeste Bo, golikipa. Nives akasoma, akauliza mbona wote wanaanzia A mpaka D, hao wengine wa kijiji walikuwa majeruhi? Ana wivu.

Alhamisi, 12 Mei

Palmira yuko Vignasco! Amekuja kununua stempu, eti. Kwao hakuna stempu? Akaniamkia vizuri, akauliza hati yangu ni ya mwaka gani. Nikasema 1908. Akasema atafurahi kuisikia, hasa majina.

Kwa nini hasa majina? Mezani nimeshindwa hata kijiko cha tatu, Nives akapima paji langu akidhani homa.

Nikamwendea Rais nimwambie labda tusitaje mwaka kwanza. Nikamkuta juu ya ngazi anatundika kitambaa kirefu mlangoni pa ukumbi: VIGNASCO, TANGU 1908. Akanikumbatia palepale. Akasema bila mimi Borgo wangetuzika. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikashika upande wa pili wa kitambaa nikamsaidia kufunga kamba. Maji nimeshayavulia nguo.

Jumamosi, 14 Mei

Ukumbi ulijaa. Sisi kushoto, njano kulia, wakili katikati. Akaishika karatasi yangu, akaigeuza, akainusa. Kahawa! Akasema inaonekana ni kongwe. Nusura nimbusu!

Ndipo Palmira akaomba majina yasomwe. Nikasoma mwenyewe. Kwa Barbero akaandika kitu. Kwa Bo akavua miwani. Akauliza, kwa adabu kabisa, nahodha Barbero alikuwa mtu wa namna gani. Nikasema jitu la miraba minne, masharubu mpaka hapa, hodari wa mipira ya vichwa. Watu wangu wakapiga makofi. Akauliza na golikipa je? Nikasema mikono yake kama makoleo.

Akasema Celeste Bo alikuwa mdogo wa kiume wa bibi yake, na bibi huyo aliolewa Borgo kutoka hapa. Akaomba sote tutoke nje.

Tukaenda mpaka kwenye jiwe. Akaliinua shada kwa mikono miwili. Nyuma yake, kila jina na mwaka wa kuzaliwa. 1899. 1899. 1898. 1900. Mtu mmoja akahesabu kwa vidole, kwa sauti. Nahodha wangu alikuwa na miaka tisa. Golikipa, minane.

Borgo wakaangua kicheko. Masharubu, Ermete! Masharubu ya darasa la tatu! Palmira akawageukia tu, kicheko kikakatika. Akasema hawa hawakufika kuota masharubu. Rais akavua kofia. Hakunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke.

Uamuzi: jina la Borgo. Njano.

Jumapili, 15 Mei

Sikwenda misa. Nives alikwenda, akarudi akasema hakuna aliyenitukana. Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Nimelia jikoni kama mtoto. Si kwa sababu ya uongo, nilidanganya kwa nia njema. Nimelilia kijani na nyeusi.

Jumanne, 17 Mei

Hodi. Palmira! Nikajificha nyuma ya pazia, Nives akanitoa kwa sikio. Amekuja na biskuti za karanga za kwao.

Akauliza kwa nini niliificha hati ya 1921; Rais amemwonyesha makabrasha ya klabu. Imesainiwa na watu wanne, wote waliorudi kutoka vitani. Wadogo zao wako kwenye jiwe, wao wakanunua milingoti. Klabu iliyozaliwa hivyo, akasema, inaazima miaka ya nini? Kweli sikuwahi kuzisoma hizo saini.

Anaandika kitabu cha klabu mpya. Nusu ni yetu, na sura ya Vignasco anataka niiandike mimi. Tena amewabembeleza marais: mechi za ugenini tutavaa kijani na nyeusi! Sharti moja. Ukweli mtupu. Uongo mmoja tu, Bwana Ermete, hata mmoja, na njano itavaliwa kila mahali.

Nikaapa kwa kaburi la baba. Nikaapa huku nalia. Mtu mwema kiasi hiki, na ni wa Borgo!

Jumatano, 18 Mei

Nimeanza kazi. Mwandiko mtulivu, roho nyeupe. Mechi ya kwanza kabisa, 1921, nimeipata kwenye gazeti aliloniachia: Borgo Sant'Elmo sita, Vignasco sifuri.

Sita! Sura haiwezi kuanza hivi, msomaji atafunga kitabu.

Saa tatu asubuhi: nimeandika sita kwa moja. Bao moja halimdhuru mtu.

Saa nne: sita kwa tatu. Mechi imechangamka.

Saa sita mchana: tumeshinda, saba kwa sita.