Wiki Niliyokuwa Meneja

Jumatatu, 14 Oktoba
Wamefika. Lumturi, mke wangu, na mabegi matatu kutoka Albania. Moja limejaa vitunguu na jibini, utadhani Italia hawali. Ermira, binti yetu, ananifika begani. Miaka minne! Mara ya mwisho nilimwacha akining'inia shingoni, leo kanipa mkono kama mgeni.

Swali lake la kwanza: Mwaka Mpya nitakuja nyumbani? Nikasema tutaona.

Tatizo. Kwenye simu niliwaambia mimi ni meneja wa hoteli hii. Kweli yenyewe: napanga mawe ya kuta za bustani. Wageni wamekwisha, hoteli inafungwa Jumamosi hadi Aprili, na tajiri kanipa chumba kimoja wiki hii, mradi ukuta wa bwawa uendelee. Mpango: nifanye kazi alfajiri wakiwa wamelala, kutwa niwazungushe vijiji vya milimani, mbali na wanaonijua. Safi kabisa!

Jumanne, 15 Oktoba
Alfajiri nimepanga mita mbili. Nikanawa, nikavaa koti la harusi. Tukapanda kijiji cha Roccaspina kwa miguu. Ngazi mia mbili na ushee. Mvua. Kanisa limefungwa, duka limefungwa, wote wamelala usingizi wa mchana mpaka saa kumi. Tukala vitunguu mlangoni pa kanisa. Ermira akauliza meneja hana gari? Liko gereji. Na kucha zenye udongo? Napenda maua.

Mgongo unawaka.

Jumatano, 16 Oktoba
Balaa! Gualtiero, bawabu, kanifuma nikisukuma toroli nimevaa koti la harusi. Ikabidi nimweleze siri ya umeneja; kacheka mpaka kofia ikadondoka. Mchana akanisimamisha mbele ya familia, akainama hadi magotini: "Bwana meneja! Toroli lako tuliegeshe wapi, mkubwa?" Lumturi hajui Kiitaliano, akadhani ni heshima, akafurahi. Ermira aliangalia viatu vyake.

Jioni Gualtiero akaja na vitambaa vitatu vya shingoni, vya njano. Kesho ni sikukuu ya uyoga kijiji cha Montecorvo. Tukivaa hivi, anasema, tutapokewa kama wafalme. Kumbe ana utu.

Alhamisi, 17 Oktoba
Utu gani! Njano ni rangi ya Roccaspina. Vijiji hivi vinatazamana juu ya bonde, na havijasalimiana tangu mababu zao waibiane kengele. Miaka sita niko hapa, lakini kila sikukuu mimi niko na toroli. Ningejulia wapi?

Tulipoingia uwanjani, muziki ukanyamaza. Mkaangaji akafunika sufuria. Mtu akafoka, "Nendeni mkale kwenu!" Bibi mmoja akaja na fimbo, nikajua nimekwisha. Akanikodolea macho. "Hamna macho nyie? Huyu ni Mwalbania wangu, aliyenijengea ukuta! Mvua zote zile, halijatikisika hata jiwe!" Akatuvua vitambaa, akatukalisha, sahani tatu.

Nikamwambia Lumturi bibi kazeeka, ananifananisha. Ermira akasema hapana, kasema ukuta. Nilikuwa nimesahau! Watoto wa kwetu wote wanakulia mbele ya televisheni ya Italia. Ina maana na jana alimwelewa Gualtiero.

Ermira akaomba tuuone ukuta. Akapitisha kiganja juu ya mawe, taratibu, mwanzo hadi mwisho. "Ni mzuri, Baba."

Nikasema waliujenga vijana wangu, mimi nilisimamia.

Ijumaa, 18 Oktoba
Kituo cha basi, ukungu. Lumturi akawa anaongea huku akitazama tairi la basi: jirani yetu Fatbardh, anayepanga mawe Ugiriki, hurudi nyumbani kila baridi, kwa kuwa kazi hakuna. "Vibarua wana raha yao, Baba Ermira." Akapakia begi. Ermira ananitazama mdomoni. Dereva akapiga honi.

Neno lilikuwa ulimini kabisa. Nikasema meneja hawezi kuacha hoteli wakati wa baridi.

Ermira akanipa mkono.

Jumamosi, 19 Oktoba
Tajiri kafunga geti saa sita, kachukua funguo. Gualtiero kaenda kwa mama yake. Sina kazi hadi Aprili. Nimekaa kwenye chumba changu cha kupanga, namalizia kitunguu cha mwisho.

Nimetafakari sana kosa langu nikaliona. Cheo kilikuwa kidogo. Meneja ana mkubwa wake, hawezi kuondoka ovyo. Mwenye hoteli huenda kwao siku anayotaka.

Kesho Jumapili nitapiga simu, niwaambie nimeinunua.