Kisanduku cha Injinia na Mayai Arobaini na Nane

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Mke wangu ameondoka asubuhi kwenda kumuuguza mama yake. Ameniachia nyumba na kazi moja tu: mashine yake ya kutotolesha vifaranga. Sanduku la mbao alilolipigilia misumari mwenyewe, balbu mbili ndani, matundu ubavuni. Mwezi mzima alikuwa akiziba na kuzibua matundu hayo mpaka joto likatulia kwenye thelathini na saba na nusu. Ndani, mayai arobaini na nane ya kuku wa mama yake, wa mbegu ambayo haipatikani tena. Leo ni siku ya kumi. Kila yai lina msalaba wa penseli upande mmoja, duara upande wa pili. Niyageuze mara tatu kwa siku, nitazame kipimajoto, nisiguse kingine chochote. Hilo la kutogusa amelirudia mara nne. Ananifahamu.

Jumatano, tarehe 6
Nimenunua kisanduku cha kupunguza volti! Muuzaji, ambaye mtaa mzima unamwita Injinia kwa sababu ya tai yake, kanieleza vizuri: umeme unaingia nyumbani ukiwa mwingi kuliko mahitaji, kisanduku kinaupunguza, mita inatembea polepole. Amekifunga mwenyewe kando ya mita. Taa zimefifia kidogo. Kasema ndiyo dalili kwamba kinafanya kazi. Mke wangu akirudi ataikuta mita imelala, atajua kwamba na mimi nina akili.

Alhamisi, tarehe 7
Shemeji yangu, fundi umeme, kaka wa mke wangu, kapita kuchukua ngazi yake. Kaona kisanduku, kacheka mpaka kakaa chini. Kapima. Bila kisanduku, volti mia mbili thelathini; nacho, mia mbili na tano. Eti umeme wetu haukuwa na tatizo lolote. Eti birika ukilipunguzia volti linachelewa tu kuchemka, yuniti linakula zilezile. Labda kingemfaa anayeletewa umeme wa juu kupita kiasi. "Shem, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kitoe leoleo." Kanikera. Kwa nini awe yeye tu anayejua mambo katika ukoo ule?

Ijumaa, tarehe 8
Kipimajoto kinasema thelathini na nne. Nimekaa, nimefikiri. Nikikitoa kisanduku, shemeji kashinda. Na kipimajoto chenyewe cha zamani, kimening'inia huko pembeni. Nimekisogeza karibu na balbu. Thelathini na sita. Karibu zaidi. Thelathini na saba na nusu! Mke wangu kapiga simu kuuliza joto, nimemtajia namba. Si uongo, ndiyo namba iliyokuwepo. Kasema mama yake ameanza kula, na kila siku anaulizia vifaranga.

Jumanne, tarehe 12
Siku ya kumi na nane. Kuanzia leo mayai hayageuzwi. Maji ya chai yamechemka wakati nimeshamaliza kunyoa ndevu. Shati nimelipiga pasi mara sita. Mita inatembea kama zamani. Nimeigonga. Inatembea.

Ijumaa, tarehe 15
Siku ya ishirini na moja. Kimya. Nimetega sikio kwenye mbao tangu asubuhi, shingo imekakamaa.

Jumamosi, tarehe 16
Mke wangu amerudi. Hata viatu hakuvua. Alifungua mashine, akaingiza mkono, akautoa. Akakiona kipimajoto nilichokifunga kwa uzi kwenye shingo ya balbu. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Aliuliza tu, tangu lini. Nikamwambia. Alikirudisha mahali pake, akavuta kigoda, akakaa mbele ya sanduku. Shemeji amekuja kukitoa kisanduku. Safari hii hakucheka.

Jumatatu, tarehe 18
Wametoka watatu. Mmoja hakuweza kusimama, amefia kiganjani mwa mke wangu. Arobaini na tano hawatatoka kamwe. Nimemsikia akimwambia mama yake kwenye simu kwamba wametoka wawili, wazuri, na balbu zilisumbua. Jina langu hakulitaja. Nilikuwa mlangoni na roho ikinisuta. Yale mayai niliyageuza kwa mkono wangu, msalaba, duara, msalaba, na kumbe nilikuwa nageuza maiti. Nimejuta kweli. Sitagusa tena kitu chochote cha umeme maishani mwangu.

Jumatano, tarehe 3 Aprili
Mama mkwe amepona. Ametuma mayai mengine thelathini, na ujumbe kwamba ndiyo ya mwisho, kuku wake wamezeeka. Mke wangu ameyachora penseli moja moja na kuyapanga. Ameniruhusu nishike taa.

Nimekutana na Injinia. Kanisikiliza kwa huruma, karibu alie. Kumbe kisanduku hakikuwa na kosa, kilikosa mwenzake! Kuna kingine cha kupandisha volti, kinafungwa baada ya kile cha kupunguza, na kila kitu ndani ya nyumba kinarudi sawa. Sijaona kasoro katika maelezo yake. Kile cha kwanza nilikuwa nimekihifadhi uvunguni. Mke wangu yuko sokoni, Injinia yuko njiani. Kipimajoto nimeshakisogeza, tahadhari tu.