Wajumbe Hamsini wa Umbali na Pumzi

Ninayo heshima kuwatangazia waamini wote, pamoja na majirani zetu wa madhehebu mengine, kwamba katika ule mwaka wa korona Parokia yetu ya Lwansansi ilifanikiwa kuliko parokia zote za Ufipa ninazozijua. Kwa miezi miwili mizima hakuna muumini wa kawaida aliyeambukizwa ndani ya kanisa letu. Sababu ni moja tu: hakuna muumini wa kawaida aliyeingia.

Nayasema haya kama mtu wa ndani. Mimi Gaudiosa, mjane, darasa la nne la zamani, nilikuwa Mjumbe wa Mlango katika Kamati ya Umbali na Pumzi. Cheo hicho kilikuja na ufunguo, kigoda, na barakoa mbili za kitenge, moja ya kuvaa na moja ya kufua.

Kamati ilianza na watu saba. Mwenyekiti alikuwa Mzee Cleophas, karani mstaafu wa kata, mtu ambaye mpaka leo akikuandikia kikaratasi cha kuazima jembe anaweka kumbukumbu namba juu. Agizo la kwanza lilikuwa zuri: kanisani wasizidi watu hamsini, na kila mtu akae mita mbili kutoka kwa mwenzake. Tukatafuta kamba ya katani, tukaifunga mafundo, fundo kila mita mbili, tukapima mabenchi. Watu wakaelewa, wakapanga kuingia kwa zamu, jumuiya kwa jumuiya.

Halafu jumuiya ya kule mtoni ikauliza mbona haina mjumbe. Ikapewa. Ya sokoni nayo ikauliza. Ikapewa wawili, maana wale huuliza kwa sauti. Kisha ikaonekana kamba haiwezi kusimamiwa na watu walewale wanaosimamia ndoo, ikaundwa Kamati Ndogo ya Kamba, na Kamati Ndogo ya Ndoo na Sabuni. Ikaundwa ya Barakoa. Ikaundwa ya Salamu, iliyokaa vikao vitatu kutafuta salamu isiyo ya kushikana mikono. Mimi nilisimama nikasema kwamba sisi Wafipa tangu enzi za babu zetu tunamsalimu mtu kwa kuinama na kupiga makofi, hatumgusi. Mwenyekiti alinishukuru kwa mchango wangu, akasema pendekezo halijafanyiwa utafiti. Ikapitishwa salamu ya kiwiko. Ni salamu nzuri, ila mnagusana viwiko.

Kufika mwezi wa sita tulikuwa wajumbe hamsini na mmoja. Hamsini ndani, na mimi mmoja nje mlangoni. Padre hakuhesabiwa, kwa kuwa yeye yuko kazini. Basi kanisa likawa limejaa. Waamini waliobaki walisalia uwanjani, kwenye upepo wa Juni ambao unajua mfupa wa kila mtu ulipo, wamejifunika mablanketi, wakifuata Misa kwa kunitazama mimi. Nikipiga magoti, wanapiga magoti. Siku moja nilichuchumaa kuokota ufunguo, watu kama mia nne wakachuchumaa.

Sasa naomba nieleze la mjukuu wangu Scola, maana ndilo lililonikosesha usingizi.

Scola alichumbiwa na Kija, mtoto wa Masanja, katika wale wafugaji waliohamia kutoka Geita, Wakatoliki wenzetu, wanaokaa ng'ambo ya mto na ng'ombe wao. Gauni la harusi lilishashonwa. Fundi alishalipanua kiunoni mara mbili, akaniambia taratibu, "Bibi, kitambaa cha kupanulia kimebaki cha mara moja tu." Mmenielewa. Padre Kasimiri, paroko wetu wa miaka kumi na minne, alishaitangaza ndoa Dominika mbili. Likabaki tangazo la tatu. Jumatano yake ikaja barua: Padre Kasimiri ahamie Kipili, ziwani, na kwetu aje Padre Urbano kutoka Chala.

Padre Kasimiri aliagwa kwa utaratibu. Tulimpungia mikono tukiwa kwenye mafundo ya kamba. Alilia ndani ya barakoa mpaka ikalowa, ikabidi Kamati Ndogo ya Barakoa imtafutie nyingine, na hiyo ilipofika gari lilishaondoka.

Kesho yake Masanja akaja kwangu, akasimama mbali kidogo, kofia mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Habari za mifugo?"

"Mifugo ina njaa. Majani huku juu yamekwisha. Jumatatu ya wiki ya tatu nateremsha ng'ombe bondeni, na Kija naenda naye, peke yangu siwawezi. Tutapanda tena mvua zikianza."

"Mvua zikianza Scola atakuwa ananyonyesha."

"Ndiyo maana nimekuja, mama."

Tukahesabu Dominika kwa vidole. Zilikuwa tatu kabla ya Jumatatu hiyo. Zinatosha na kubaki, tukajiona tumepona.

Padre Urbano aliletwa Jumamosi kwa pikapu, yeye, godoro, na maboksi mawili ya vitabu. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye macho ya kucheka. Kabla hajashuka vizuri, Mwenyekiti alishamnyooshea kamba. Akamweleza kwamba mgeni yeyote anayetoka nje ya parokia anakaa peke yake siku kumi na nne, na kwamba chumba kimeandaliwa katika ghala la mahindi.

"Mimi si mgeni, Mzee," Padre akasema. "Mimi ndiye paroko wenu."

"Ndivyo barua inavyosema, Baba Paroko," Mwenyekiti akamjibu kwa heshima zote. "Lakini utakuwa paroko baada ya kuwa mgeni kwanza."

Akaingia ghalani. Dominika mbili zikaondoka hivyo, tuna paroko na hatuna Misa. Wajumbe hamsini walihudhuria hata hivyo. Walikaa kwenye nafasi zao, wakapima, wakatoka.

Ikabaki Dominika moja. Nikaenda na Masanja kwa Mwenyekiti, tukamkuta barazani kwake anapiga muhuri karatasi.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "Dominika hii Padre anatoka ghalani. Atatangaza mara ya tatu na kuwafungisha ndoa papo hapo. Nakuomba wajumbe wawili watoke nje saa moja tu, Scola na Kija waingie."

Alivua miwani. "Bibi Gaudiosa, wewe ni mwenzetu. Mjumbe hawezi kuacha kituo chake kwa sababu za kifamilia."

"Hata mjumbe wa sabuni? Ndani ya kanisa hamna maji."

"Hasa wa sabuni."

"Basi wewe unasemaje?" Masanja akauliza.

Mwenyekiti akatoa karatasi. Alishalifikiria, kumbe. Bwana na bibi harusi wangewakilishwa. Yeye mwenyewe angesimama mbele ya altare kwa niaba ya Kija, na Mama Hellena wa Kamati Ndogo ya Ndoo kwa niaba ya Scola. Wangekula kiapo, wangevishana pete, kisha pete zingeoshwa na kukabidhiwa kwa wahusika dirishani, kwa kusaini.

Masanja aliisoma karatasi taratibu, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi nikipeleka ng'ombe josho, sijawahi kuona mmoja anatumbukia kwa niaba ya mwenzake wakatoka kupe wa wote wawili."

"Ndiyo tofauti ya mifugo na uongozi," Mwenyekiti akamjibu.

Niliporudi nyumbani nikamweleza Scola. Alikuwa anachambua maharage, akaacha.

"Bibi, na mtoto akizaliwa atamwita nani baba?"

"Atamwita Mwenyekiti."

Akacheka mpaka akashika kiuno, halafu akalia. Sikumnyamazisha. Nilimalizia kuchambua maharage, nikayapika, na jioni nikampelekea Padre sehemu yake ghalani na ugali wa ulezi, kama nilivyokuwa nafanya kila siku. Niliweka sahani chini, nikarudi nyuma fundo moja na nusu, nikainama, nikapiga makofi.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele amina, Bibi. Mbona leo sauti iko chini?"

Nikamweleza yote. Alikula huku akisikiliza. Nilipofika kwenye ule uwakilishi alisita kidogo, tonge likiwa hewani.

"Kanisani wanaingia wangapi?"

"Hamsini, Padre."

"Na Kamati ni wangapi?"

"Hamsini, na mimi wa mlangoni."

"Na watu?"

"Watu wako nje."

Akatafuna. Akaniuliza kama uwanjani kuna mahali upepo haupigi sana. Nikamwambia kuna ukuta wa shule, upande wa mikaratusi. Akaniuliza nani ana meza imara. Nikamwambia mwalimu wa darasa la pili. Hakuuliza kingine, akanisifia maharage.

Dominika ile Mwenyekiti alifika saa kumi na moja alfajiri, bado giza, akiwa na hotuba ya kumkaribisha Paroko, kurasa nne. Kufika saa moja wajumbe hamsini walikuwa kwenye mafundo yao. Madirisha yalifungwa kwa sababu ya upepo. Mlango wa nyuma, wa sakristia, Kamati ilikuwa imeupigilia misumari tangu wiki ya kwanza, ili njia iwe moja. Mwenyekiti akanifuata mlangoni.

"Bibi Gaudiosa, hesabu imetimia. Nimesikia wale wafugaji wanataka kuleta fujo ya harusi. Padre akifika mwingize, kisha funga kwa ufunguo. Usifungue mpaka usikie Padre ametamka, 'Misa imekwisha, nendeni na amani.' Hata kama ni mimi ninayekuambia fungua, usifungue."

"Hata wewe, Mwenyekiti?"

"Hata mimi. Ndiyo maana ya utaratibu."

Padre Urbano akaja amevaa mavazi meupe ya harusi. Akasimama kizingitini, akachungulia ndani, akawapungia mkono wajumbe. Wakampungia. Akageuka, akatazama uwanjani: mablanketi, watoto mgongoni, Masanja na ndugu zake na shuka zao, na Scola wangu katikati ndani ya gauni lile, Kija pembeni amebana mikono kwa baridi.

"Bibi, Misa hii ni ya wajumbe au ya watu?"

"Jambo hilo, Padre, lilijadiliwa kikao cha tisa, likaahirishwa."

"Basi wewe timiza ulichoagizwa," akasema, akaenda zake kwenye ukuta wa shule, ambako meza ya darasa la pili ilishatandikwa kitambaa.

Mimi niliagizwa mambo mawili, kumwingiza na kufunga. La kumwingiza lilinishinda, mtu mzima hasukumwi. Hilo la kufunga nililiweza. Nikafunga.

Misa ikaanza. Watu kwanza wakanigeukia mimi kwa mazoea, ikabidi niwaonyeshe kwa kidole Padre alipo. Kwenye somo la pili mlango ukagongwa kwa ndani.

"Bibi Gaudiosa. Fungua."

"Ni nani?"

"Mimi Mwenyekiti."

"Nimeijua sauti, Mwenyekiti. Ila ulisema hata wewe."

"Nalitengua agizo hilo sasa hivi."

"Kutengua agizo kunataka kikao."

"Kamati yote iko humu ndani."

"Haiko yote. Mimi ni mjumbe, na niko nje."

Nikasikia wananong'ona.

"Fungua basi uingie tukae kikao."

"Nikifungua nitakuwa nimelivunja agizo kabla halijatenguliwa, Mwenyekiti. Utanipa barua ya onyo."

Alikuwa mtu wa haki, hakuweza kukana kwamba angenipa barua.

Padre akafika kwenye matangazo. Akasoma kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Kwa mara ya tatu na ya mwisho. Kija, mwana wa Masanja, na Scola, mjukuu wa Gaudiosa, wanakusudia kufunga ndoa. Mwenye pingamizi ajitokeze hapa mbele sasa."

Ndani ya kanisa kukasikika kelele. Mwenyekiti alikuwa anapiga mlango kwa viganja vyote viwili, anasema pingamizi, pingamizi, idadi imezidi, utaratibu haujafuatwa. Uwanjani watu mia nne wakageuka kulitazama kanisa. Padre naye akageuka, akalitazama kwa upole. Alingoja muda wa kutosha kusali Baba Yetu polepole, kwa haki. Mlango ulitetemeka. Hakuna aliyejitokeza.

"Basi," Padre akasema, "hakuna."

Akawafungisha. Kija alisema maneno yake kwa lafudhi ya kwao, Scola akasema ya kwake, na pete walivishana wenyewe, kila mmoja kwa kidole chake. Masanja alipangusa macho kwa kofia.

Padre alipotamka maneno ya kuaga, vigelegele vilikuwa vingi, na masikio yangu yana miaka sabini na miwili. Sikutaka kufungua kwa kubahatisha. Nikaona ni vyema nimfuate Padre mwenyewe nimuulize kama kweli ametamka. Njiani nilimkumbatia Scola. Nilipiga makofi kwa wakwe. Nilionyesha akina mama sufuria za kutangulia nazo nyumbani. Nilipomfikia Padre akaniambia ndiyo, ametamka, kama robo tatu ya saa iliyopita. Nikarudi, nikafungua.

Mwenyekiti alitoka wa kwanza, hotuba mkononi, anapepesa macho kwa jua. Uwanja ulikuwa mtupu. Meza ilisharudishwa darasani, na wimbo wa kumsindikiza bibi harusi ulikuwa unasikika mbali, kwenye mteremko wa kwangu. Alikuwapo Masanja tu, aliyerudi kuchukua blanketi lililosahauliwa.

"Karibu, Mwenyekiti," Masanja akasema. "Pole. Umechelewa Misa."

"Sikuchelewa," akajibu. "Mimi nilifika saa kumi na moja alfajiri."

Masanja akanitazama mimi. Nikamthibitishia kwamba ni kweli kabisa, maana nilimfungia mlango mwenyewe.