Nibu ya Mheshimiwa Murthy

Wananchi wote wa mji wetu wa kando ya mto Godavari wanajulishwa kwa furaha kubwa kwamba Ofisi ya Maji sasa ina nibu za kutosha, zile ncha za kalamu ya wino. Zimo kabatini, kabati lina kufuli, na hakuna hata moja inayoingia kwenye kalamu. Kwa hiyo zitadumu.

Huku kwetu wino wa kijani ni wa mkubwa peke yake. Karani akiugusa, amejipandisha cheo. Na mkubwa hatii sahihi kwa bolpeni. Waraka unataka kalamu ya nibu, na waraka una mihuri miwili. Mheshimiwa Murthy, mkubwa wa maji, alinunuliwa kalamu nyeusi ya plastiki ya bei nafuu, iliyomtumikia vizuri mpaka siku alipotobolea kifuniko cha kopo la achari ya maembe. Nibu ikapinda kama ukucha wa jogoo.

Mtaa wetu ulikuwa unangoja sahihi moja tu tupate bomba. Kiangazi kilikuwa mlangoni, nasi bado tunapanda kilima na ndoo. Nikaenda ofisini.

"Bibi Venkayamma, ombi lenu limekubaliwa," akaniambia Apparao, karani. "Limebaki kukubaliwa kwa kijani."

"Basi mheshimiwa atie sahihi."

"Atie kwa nini, bibi? Kwa kidole?"

"Si mmenunua nibu sanduku zima?"

"Tumenunua. Kamati ilichagua zenye urefu uleule wa ile ya zamani. Upana haukuwa chini yetu. Upana ni wa idara nyingine."

"Kwa hiyo haziingii."

"Usiseme haziingii, bibi. Kamati imekaa, imekunywa kahawa, imeazimia kwamba nibu zinafaa. Kalamu ndiyo haitoi ushirikiano."

Nilielewa kabisa. Watu wazima hawawezi kukosea mbele ya plastiki.

Sasa mimi nina kalamu kama ile ile, iliyotoka duka moja na yake, pale karibu na stesheni. Nikaishika nibu yangu kwa pindo la sari, nikaichomoa polepole, nikaipachika kwenye kalamu ya mheshimiwa. Ikaingia kama mguu kwenye kandambili yake. Ofisi nzima ikasimama.

Mheshimiwa Murthy akakunja mikono ya shati, akatia sahihi. Nibu ikakwaruza, ikatoboa karatasi, ikamtemea kijani kifuani.

"Bibi, umeniletea nibu au mwiba?"

"Naandika kwa kushoto, baba. Miaka yote hiyo imelika upande wangu. Haijazoea mtu mwingine."

Akajaribu kwa kushoto. Ikatoka kama njia ya mende aliyeponea chupuchupu kwenye wino.

"Apparao," akasema taratibu, "waraka unasemaje?"

"Unataja rangi, mheshimiwa. Unataja nibu. Haukutaja mkono ni wa nani."

Basi nikakaa kwenye kiti chake, ambacho kina mto mzuri, nikatia sahihi ya kijani. Mafundi walikuja kabla jua halijakaza, na mtaa wetu ukapata maji. Maombi mengine yalipoletwa nikayasaini pia, maana nibu ilikuwa yangu na mkono ulikuwa wangu. Ofisi ikaonelea ni nafuu kunifuata nyumbani.

Leo asubuhi mheshimiwa mwenyewe amekuja. Bomba la nyumba za wakubwa limekauka, na fundi hatoki bila kijani. Amekuta akina mama wamejipanga barazani kwangu, akasogea mbele.

"Mstari unaanzia kule, mheshimiwa," akaambiwa na Ratnamma wa jirani. "Pale penye mbuzi."

Akaenda penye mbuzi. Zamu yake ilipofika, mimi naosha mchele.

"Itachukua muda, mama?"

"Mpaka wali uive, baba. Mikono yangu imelowa, na kushoto ndiko kulikolowa zaidi. Ukitaka twende haraka, vitunguu vile pale."

Hivi sasa anamenya. Machozi yanamtoka, lakini vipande ni vyembamba na vinalingana. Akiendelea hivi, nitafikiria kumpandisha cheo ashike mwiko.