Bata Bukini na Mita Mia Nane

Jumatatu, 10 Machi
Bahasha ya njano! Hapa Wittelrode bahasha ya njano haijawahi kuleta heri. Ofisi ya mipango miji inasema duka langu la vifaa vya bustani, kwa tangazo langu mwenyewe gazetini, lina mita za mraba 812. Zikizidi 800 ni duka kubwa, na duka kubwa haliruhusiwi katikati ya mji, liende huko nje kwenye barabara kuu. Ijumaa anakuja mkaguzi, Bwana Nottebohm. Akikuta zimezidi, Jumatatu linafungwa. Duka la marehemu baba!

Mchongezi namjua. Gudrun Petzold, mwenye duka la maua na majembe ng'ambo ya barabara. Tulikutana asubuhi kwa mwoka mikate, akaniambia, "Pole jirani, nasikia umenenepa." Fitina tupu.

Basi. Nipoteze mita kumi na mbili kwa siku nne. Rahisi.

Jumanne, 11 Machi
Sheria: mahali asipokanyaga mteja hapahesabiwi. Nimefunika kona ya mbolea kwa pazia. Bango kubwa: WATEJA HAWARUHUSIWI.

Saa tano, foleni! Watu kumi na wanne, wametulia, vikapu mkononi. Mzee Tiedemann, mwalimu mstaafu, akauliza kinauzwa nini humo. Nikamwambia hakuna kitu. Akasema basi nimwekee viwili kabla havijaisha.

Hedwig, keshia wangu, anasema watu wa hapa wakiona foleni hawaulizi, wanajipanga. Saa saba bibi mmoja aling'oa pazia kwa mwavuli. Walipokuta mbolea wakainunua yote, kwa hasira.

Jumatano, 12 Machi
Nimepata! Bata bukini! Shemeji Rüdiger kaniazima wanne, wakorofi kuliko yeye. Nimewazungushia uzio kwenye kona ile ile. Nani atakanyaga humo? Hedwig kaumwa mara mbili kabla ya chakula cha mchana. Safi kabisa, mpango unafanya kazi.

Petzold alisimama dirishani kwake akicheka huku kajishika mbavu. Acheke tu. Ijumaa haiko mbali.

Alhamisi, 13 Machi
Chekechea nzima imeletwa kuwaona bata! Na bibi zao! Mtu akatae riziki? Nimeweka meza, nauza mahindi ya kuwalisha, kikombe kikombe. Watu wakabanana. Nikavunja ukuta wa nyuma, sasa wanasimama na kununua mpaka ndani ya banda la baiskeli.

Hedwig akauliza, "Bosi, huko si kuuza? Si umeliongeza duka?" Nikamwambia sifundishwi biashara na mtu aliyeumwa na bata. Kaninunia hadi kufunga.

Ijumaa, 14 Machi
Ole wangu.

Nottebohm kaja saa tatu kamili, na kipimo chake cha leza cha kupimia umbali. Bata mmoja alimshika suruali. Hakumtazama hata kidogo, aliendelea kupima na bata akining'inia. Mtu wa chuma.

Alipomaliza akauliza ile 812 alipima nani. Nikasema mimi, kwa hatua. Nilipitia wapi? Nje. Pamoja na unene wa kuta na maegesho ya baiskeli, na mwishoni nikaongeza kidogo ili nimpite Petzold. Akasema duka la baba lina mita 791. Tangu lijengwe! Sikuwa na kosa lolote, mpaka jana. Pamoja na banda ninalouzia mahindi: 806.

Nikamwomba kwa jina la marehemu baba, machozi yakanitoka mbele ya watoto wa chekechea waliorudi kuwaona bata. Akanipa hadi kesho jioni: ukuta urudi, bata waondoke, yatakuwa yamekwisha.

Petzold alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akasema, "Jirani, mimi sijakuchongea. Ofisini nao wanasoma gazeti."

Jumamosi, 15 Machi
Ukuta umerudi. Nimejenga na Hedwig, bila kusemezana. Bata wamerudi kwa Rüdiger. Nottebohm kapita, kapima, kagonga muhuri. Duka limepona! Nimelia tena, safari hii kwa furaha. Hedwig kanipa leso na kuniapisha: Bosi, hakuna ujanja tena. Nimeapa.

Kisha nikapiga simu gazetini, kuwatangazia watu kwamba tupo wazi. Binti wa huko akauliza aandike ukubwa gani. Nikasema 791. Ikasikika ndogo mno. Na Petzold ataisoma, jamani!

Nimemwambia aandike 830.