Wiki Niliyomkabili Vinko

Jumatatu, 6 Mei

Jana tumefungwa nne bila. Nne! Leo asubuhi Štef, mwenyekiti wa klabu yetu ya Jasenik, ameniita buchani kwake. Amenisema huku akikata mbavu za nguruwe, hata kisu hakukiweka chini. Jumapili tunacheza hapa kwetu na jirani zetu wa Brezik. Tukipoteza tunashuka hadi daraja la mwisho. Na kazi yangu, amesema, atapewa kocha wao. Vinko Barišin!

Mimi nimpishe Vinko? Mimi, beki wa kulia miaka kumi na minne, misimu miwili Austria, goti limepasuliwa mara tatu! Tulicheza timu moja. Mwaka 2003 alininyang'anya penalti nikiwa nimeshautenga mpira. Akapiga, akafunga. Ndiyo maana sijamsamehe. Angekosa, ningemsamehe siku ileile.

Siondoki. Nitapambana.

Jumanne, 7 Mei

Nimepata! Silaha ya Brezik ni winga wao Patrik, mtoto wa mwoka mikate. Anakimbia kama aliyemwibia padri. Uwanja ukiwa mwembamba atakimbilia wapi? Alfajiri nimechora mistari mipya ya chokaa, mita nne ndani kila upande. Ile ya zamani nimeifunika kwa majani yaliyofyekwa. Msaidizi wangu Joza, mstaafu wa posta, ameuliza kama kanuni zinaruhusu. Nimemjibu kwamba kanuni ziliandikwa na watu wasiomjua Vinko.

Jioni, mazoezi. Mpira umetoka nje mara hamsini, kisha nikaacha kuhesabu. Shangazi Ankica, anayefua jezi zetu tangu mimi mwenyewe nivae za watoto, alisimama na kapu lake akatazama.

"Mladenko mwanangu," akasema, "huu ni uwanja au kamba ya kuanikia?"

Wamecheka wote. Aliyecheka zaidi ni Tvrtko, nahodha. Fundi bomba, miaka thelathini na minane, na ana tabia ya kuuliza "kwa nini" katikati ya maelezo yangu. Nimemtangazia kwamba Jumapili ataanzia benchi. Alivua viatu polepole, akakaa akivitazama. Sikupenda alivyovitazama. Lakini kocha ni moyo wa chuma!

Jumatano, 8 Mei

Mvua usiku kucha. Majani yamesombwa, mistari ya zamani imerudi. Sasa kila upande una miwili. Štef amepita, ameangalia, ameondoka akitikisa kichwa. Naona amevutiwa.

Alhamisi, 9 Mei

Leo nimekwenda kupeleleza mazoezi ya Brezik. Kofia ya marehemu baba, kikapu cha uyoga, nikajificha kwenye miti nyuma ya goli. Kazi safi kabisa. Baada ya dakika kumi alikuja mchezaji wao mmoja na kiti. Wa pili akaleta kahawa. Kutoka katikati ya uwanja Vinko akapaza sauti:

"Ndugu yangu Mladenko, bado unaweka sukari kijiko kimoja, au goti limekukataza?"

Nilikaa. Nilikunywa. Kahawa ingepoa. Lakini macho yangu hayakulala! Kona tisa walizopiga, zote tisa ziliangukia nguzo ya karibu. Tena walizipiga polepole, nikaona kila kitu vizuri. Maskini Vinko. Amejianika mwenyewe.

Ijumaa, 10 Mei

Mazoezi ya kona. Wote kumi nguzo ya karibu! Tvrtko akauliza kutoka benchi nani atalinda nguzo ya mbali. Nimemwambia nguzo ya mbali haina mpango wa kwenda popote. Joza akakohoa. Anakohoa sana siku hizi, lazima ni chokaa.

Jumapili, 12 Mei

Niandike kwa mpangilio.

Dakika ya sita, kona ya Brezik. Wetu kumi wakabanana nguzo ya karibu kama kondoo kwenye mvua. Mpira ukaenda nguzo ya mbali. Patrik alikuwa peke yake. Akafunga kwa goti, tena akicheka. Nikamwangalia Vinko. Akaninyanyulia kikombe cha kahawa.

Damu ikanichemka! Nikamkimbilia mwamuzi nikapiga kelele kwamba goli si halali, kabla ya kona mpira ulikuwa umeshavuka mstari. Akauliza mstari upi. Nikamwonyesha wa ndani. Akauliza kwa utulivu ni nani aliyeuchora huo. Nikajipiga kifua: "Mimi!"

Kadi nyekundu.

Wamenitoa nje ya uzio. Nikapanda trekta la jirani, nikampigia simu Joza nimpe maelekezo. Joza alitoa simu mfukoni, akaitazama, akaizima. Mbele ya macho yangu! Kisha akamwinua Tvrtko na kumwingiza.

Tvrtko aliwakusanya wenzake. Hakunyoosha kidole kokote, aliuliza tu, na wao wakajibu. Mmoja wao hata akacheka. Kutoka juu ya trekta nikaona jambo ambalo sijaliona msimu mzima: walikuwa wanatazamana wao kwa wao, hawatazami tena benchi kwa hofu. Dakika ya hamsini, moja moja. Dakika ya themanini na nane Tvrtko, na miaka yake yote, akaruka kupiga kichwa, na wavu ukatikisika.

Mbili moja! Nimelia. Nimelia juu ya trekta la mtu. Shangazi Ankica akanipa taulo lenye harufu ya sabuni, akaniambia nipanguse uso kabla watu hawajaniona.

Vinko alikuja kwenye uzio kunipa mkono. "Walipokutoa tu," akasema, "nikajua tumekwisha." Nimelitafakari neno hilo jioni nzima. Lina heshima ndani yake.

Jumatatu, 13 Mei

Štef ameniita tena buchani. Safari hii kisu amekiweka chini. Kazi ninabaki nayo, kwa sharti moja: hila basi. Timu ipangwe na Tvrtko, mimi nipige makofi. Nimeweka mkono kifuani, nimeapa. Niliapa kwa dhati. Amenifungia kipande cha soseji nikale nyumbani.

Njiani nimefikiri. Jumapili tunawakaribisha vinara wa ligi. Pasi fupi fupi, mpira unatambaa chini. Je, mpira unaweza kutambaa kwenye maji? Hauwezi. Na maji si hila. Maji ni hali ya hewa.

Nimempigia shemeji yangu wa zimamoto, nikamwomba gari lenye tangi kubwa. Ameuliza moto uko wapi.

Nimemwambia moto ni mimi.